William Cowper: Mtunzi Aliyeimba Huku Moyo Unaugua

Kamati ya kijitabu hiki cha jubilei ilipokaa kuchagua mtunzi mmoja wa nyimbo ili tusimulie maisha yake, majina mengi yalitajwa. Wazee wa kwaya walimtaka Fanny Crosby. Vijana walimtaja Charles Wesley. Mwishowe tulikubaliana juu ya mtu ambaye wimbo wake unaimbwa katika makanisa yetu kila penye Meza ya Bwana, ingawa walio wengi huuimba bila kujua ulitoka kwa nani. Ni ule wimbo wa chemchemi ya damu ya Imanueli. Mtunzi wake ni Mwingereza William Cowper. Jina lake huandikwa hivyo, lakini Waingereza hulitamka Kupa, kwa hiyo mwalimu wa kwaya akilitaja leo msidhani ameteleza.

Ipo sababu nyingine iliyotufanya tumchague. Cowper alikuwa mgonjwa. Hakuugua homa wala kifua. Aliugua akilini na moyoni, ugonjwa ambao madaktari wa siku hizi wangeuita unyogovu mkali, tena aliugua akiwa mtu wa maombi na mpenzi wa Maandiko. Katika kwaya nyingi wamo watu wanaoimba kwa nguvu Jumapili, na Jumatatu wanashindwa kuondoka kitandani. Hawasemi, kwa kuogopa kuambiwa kwamba imani yao ni haba au kwamba wana dhambi waliyoificha. Tumeona ni vyema katika sherehe hii wajue kwamba mmoja wa watunzi wetu wakuu alikuwa mwenzao.

Cowper alizaliwa Novemba 1731 katika mji wa Berkhamsted, Uingereza, ambako baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana. Watoto saba walizaliwa katika nyumba ile, na waliokua hadi kuwa watu wazima ni wawili tu, William na mdogo wake John. Mama yao alifariki mwaka 1737, muda mfupi baada ya kumzaa huyo John, zikiwa zimebaki siku chache tu William atimize miaka sita. Mtoto alisimama dirishani akatazama gari la maiti likiondoka taratibu. Wasichana wa kazi, kwa kumwonea huruma, walimwambia mama atarudi. Akangoja kesho. Kesho ikafika, akangoja nyingine, mpaka akachoka kungoja.

Kwetu pia mtoto huambiwa kwamba mama amesafiri. Nia huwa njema. Lakini washauri nasaha wanaoshughulika na watoto waliofiwa wanatwambia kwamba mtoto asipoambiwa ukweli kwa maneno anayoyaelewa, na asipopewa nafasi ya kulia pamoja na wakubwa, huzuni yake haiishi. Huingia ndani na kukaa. Cowper alikuwa na miaka 58 binamu yake alipomletea picha ya mama huyo iliyochorwa kwa rangi. Aliibusu, akaitundika mahali ambapo angeiona kila anapofumbua macho asubuhi, kisha akaandika shairi refu juu ya dirisha lile na ahadi zile za wasichana. Zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita, na bado alikumbuka kila kitu.

Baada ya msiba alipelekwa shule ya bweni. Huko alipata adui, mvulana wa miaka kama 15 hivi aliyemtesa kwa siri. Cowper alisimulia baadaye kwamba alimwogopa mno hata hakuthubutu kuinua macho kumtazama usoni, na alimjua zaidi kwa vifungo vya viatu vyake kuliko kwa sura. Mvulana yule alifukuzwa shule mambo yalipojulikana, ila hofu haikufukuzwa pamoja naye. Walimu wa Shule ya Jumapili wanaosoma haya watafahamu kwa nini tumeitaja habari hii.

Alisoma kisha katika shule maarufu ya Westminster, London, ambako alikuwa na marafiki na akacheza vizuri. Baba yake alitaka awe wakili, akawa wakili mwaka 1754, bila mapenzi yoyote na kazi hiyo. Alimpenda binamu yake Theodora, na Theodora alimpenda, lakini baba ya msichana alikataa wasioane. Hakuna kati yao aliyeoa au kuolewa maishani.

Ugonjwa wenyewe ulianza alipokuwa kijana, peke yake katika vyumba vya wanasheria. Alilala na kuamka na uzito kifuani. Vitabu alivyovipenda havikumpa ladha tena. Hali hiyo ilidumu karibu mwaka mzima. Marafiki wakamchukua kwenda Southampton, pwani, akakaa nao miezi kadhaa, na asubuhi moja ya jua, akiwa ameketi kuitazama bahari, alihisi mzigo wote umeondoka ghafla. Akafikiri amepona kabisa. Hakujua kwamba ugonjwa wa namna hii una tabia ya kwenda na kurudi.

Ulirudi mwaka 1763. Jamaa yake mmoja mwenye cheo alimpatia kazi nzuri ya karani katika Baraza la Malodi, bunge la juu la Uingereza. Ikatokea mabishano ya kisiasa, ikaamriwa kwamba lazima kwanza asimame mbele ya malodi wote ahojiwe kama anaifahamu kazi. Mtu mwingine angeona ni jambo dogo. Kwake yeye ilikuwa kama kuletwa tena mbele ya yule mvulana wa vifungo vya viatu. Kwa miezi kadhaa alikwenda ofisini kila siku kusoma majalada, akitazama maandishi bila neno kuingia kichwani. Siku ilivyokaribia, ndivyo alivyozidi kuona kwamba afadhali afe. Alijaribu kujitoa uhai zaidi ya mara moja. Alinusurika kila mara, wala hakwenda kuhojiwa, na kazi akaiacha.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko hofu ya mahojiano. Sasa alijiona amemkosea Mungu kosa lisilosameheka. Alipofungua Biblia, kila hukumu ilimhusu yeye na kila ahadi ilikuwa ya wengine. Mdogo wake John alikuja akamkuta katika hali hiyo. Jamaa zake walikata shauri, na Desemba 1763 wakampeleka St Albans kwa daktari aliyeitwa Nathaniel Cotton.

Hapa inafaa tukae kidogo. Zama hizo, hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili jijini London iliruhusu wageni kuja kuwatazama wagonjwa kama watu wanaotazama wanyama, na desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 1770 tu. Dakt. Cotton hakuwa hivyo. Aliendesha nyumba ndogo ya wagonjwa wachache, alikuwa mpole, alikuwa Mkristo, na mwenyewe aliandika mashairi. Alimtazama Cowper kama mgonjwa anayehitaji usingizi, chakula, utulivu na muda. Ilipita karibu miezi minane. Julai 1764 John alikuja kumtembelea, wakatembea na kuzungumza, na usiku huo mgonjwa alianza kuona nuru kidogo. Baada ya hapo aliketi karibu na dirisha akafungua Biblia, macho yakaangukia Warumi 3:25, penye habari ya Kristo kuwekwa kuwa upatanisho kwa imani katika damu yake. Alilia kwa furaha. Daktari akaingiwa na wasiwasi kwamba labda furaha hiyo nayo ni dalili ya ugonjwa, akamchunguza kwa uangalifu, na aliporidhika walianza kuzungumza habari za Injili kila asubuhi.

Mtazame mgonjwa huyu alivyosaidiwa. Daktari alifanya kazi yake, ndugu akafanya yake, na Neno likafanya lake. Cowper mwenyewe alimshukuru Mungu kwa kumweka mikononi mwa Cotton, wala hakuona aibu kusema alitibiwa. Wako wahubiri wanaomlazimisha mtu achague kati ya maombi na hospitali ya akili, kana kwamba Luka hakuwa tabibu. Sisi hatuoni kwamba wimbo wa chemchemi ya damu ungeandikwa kama jamaa za Cowper wangechagua moja tu.

Aliondoka St Albans Juni 1765. Alifuatana na Sam Roberts, mtumishi aliyemhudumia huko, ambaye hakutaka kuachana naye. Alipanga chumba Huntingdon, na huko akafahamiana na familia ya Mchungaji Morley Unwin, akaenda kuishi nao. Mchungaji Unwin alianguka kutoka kwa farasi akafa mwaka 1767. Mjane wake, Mary, alimtunza Cowper tangu siku hizo mpaka mwili wake mwenyewe uliposhindwa. Wapo waliosengenya. Lakini jina la Mary Unwin linastahili kutajwa katika kila kanisa linaloimba nyimbo za Cowper, maana bila yeye Cowper hangefika popote.

Mwaka huo wa 1767 walihamia mji mdogo wa Olney, wa maskini wengi waliosuka lesi kwa mikono, ili wawe karibu na mchungaji wake, John Newton. Huyo Newton mnamjua. Ndiye aliyewahi kuwa nahodha wa meli ya watumwa, akaokoka, akaandika ule wimbo wa neema ya ajabu. Nyumba zao zilikaribiana, katikati pakiwa na shamba la mtu la miti ya matunda. Walimlipa mwenye shamba gini moja kwa mwaka wapate njia ya kupita, wasilazimike kuzunguka barabarani. Tumelipenda jambo hilo. Urafiki wao ulikuwa na njia iliyokanyagwa kila siku.

Newton alimtembeza Cowper kwa wagonjwa na maskini, akamwomba aongoze maombi katika mikutano ya katikati ya wiki, na yule mtu aliyeshindwa kusimama mbele ya malodi akasimama mbele ya wasuka lesi akaomba mpaka watu wakaguswa. Mwaka 1769 chumba kikubwa cha maombi kilipofunguliwa, wote wawili walitunga nyimbo za siku hiyo. Desemba ya mwaka huo Mary aliugua sana, Cowper akaandika wimbo wa kutamani kutembea karibu zaidi na Mungu. Hakuwa ameketi mezani akitafuta vina. Aliogopa kumpoteza mama wa pili. Mwaka 1770 alimzika mdogo wake John, ambaye kabla ya kufa alikuwa amempokea Kristo kwa furaha.

Wakakubaliana kutoa kitabu cha nyimbo kwa pamoja. Wimbo wa chemchemi ya damu ni wa miaka hiyo, nao umejengwa juu ya Zekaria 13:1. Wanaoimba soprano na tena wajue kwamba mtu aliyeandika juu ya mwivi aliyeiona chemchemi siku yake ya mwisho alikuwa mtu ambaye kwa miezi mingi aliamini amefungiwa nje ya chemchemi hiyo. Kitabu chenyewe, Nyimbo za Olney, kilitoka mwaka 1779 kikiwa na nyimbo 348. Za Cowper ni zaidi ya 60 tu. Newton alieleza katika dibaji kwamba rafiki yake angeandika nyingi zaidi kama asingeugua.

Maana aliugua tena, Januari 1773. Wimbo wake unaosema juu ya njia za Mungu zisizochunguzika unahusishwa na mwezi huo, mawingu yalipokuwa yanakusanyika, na Newton aliuchapisha mwaka uliofuata. Ipo hadithi inayosimuliwa sana mimbarini, ya kwamba Cowper alikodi gari la farasi limpeleke mtoni Thames akajiue, ukungu ukaingia, dereva akapotea njia, akamrudisha mlangoni kwake bila kujua, ndipo akaandika wimbo huo. Ni hadithi tamu lakini haina ushahidi. Olney iko mbali na Thames, na wakati huo Cowper hakuishi London. Tunaona afadhali tuwaambie vijana ukweli, kwa sababu hadithi ile inaishia kwa ushindi wa haraka, na maisha ya Cowper hayakwenda hivyo.

Kilichotokea ni hiki. Mwishoni mwa Februari 1773 aliota ndoto, akasikia sauti ikimwambia kwamba yake yameisha, amepotea. Alipoamka aliiamini. Akaanza kushuku hata chakula alichopewa na Mary. Akina Newton walimpokea nyumbani kwao yeye na Mary, wakakaa nao zaidi ya mwaka mmoja. Katika muda huo alijaribu tena kujitoa uhai, akiamini ni Mungu anayemwagiza kujitoa sadaka kama Ibrahimu alivyoagizwa kumtoa Isaka. Newton alikuwa na kanisa la kuchunga na mke wa kutunza, na mgonjwa ndani ya nyumba asiyeweza kuachwa peke yake. Hakumfukuza. Mke wake naye hakumfukuza.

Cowper alitulia, lakini hukumu ile ya ndotoni hakuiachilia tena kwa miaka 27 iliyobaki, isipokuwa kwa vipindi vifupi sana. Aliacha kwenda kanisani. Imesimuliwa kwamba wenzake waliposimama kuombea chakula, yeye aliketi ameshika kisu na uma kuonyesha kwamba baraka hiyo haimhusu. Hakusema kwamba Injili ni uongo. Aliamini kila neno lake kwa watu wote duniani ila mmoja.

Wakosoaji wengi, tangu karne ile, wamemlaumu Newton na mahubiri yake makali. Hatukubaliani nao. Cowper aliugua mara mbili kabla hajamjua Newton, na mara ya kwanza hofu yake haikuwa na habari ya kuzimu hata kidogo. Ugonjwa wa mawazo huvaa nguo za mwenyeji wake. Akimpata mfanyabiashara utamwambia amefilisika, akimpata mama utamwambia ameua watoto wake kwa uzembe, na ukimpata Mkristo utamwambia Mungu amemkataa.

Katika miaka ya 1960 daktari mmoja Mmarekani, Aaron Beck wa Philadelphia, aliwasikiliza wagonjwa wake wa unyogovu akatambua kwamba katika vichwa vyao yalipita mawazo mafupi yaliyojileta yenyewe, yote yakiwahukumu, na kwamba wagonjwa waliyapokea kama kweli bila kuyahoji. Akawafundisha kuyasimamisha na kuyauliza ushahidi. Njia hiyo ya tiba sasa inatumika duniani kote. Kwa Cowper jambo hili linashangaza, kwa kuwa alikuwa wakili. Katika mahakama yoyote angetaka kujua shahidi ni nani na kosa ni lipi. Lakini katika mahakama iliyokuwa ndani ya kichwa chake alikubali hukumu ya ndoto moja, na kila aliyeleta ushahidi wa upande mwingine, hata kama ni Paulo mtume, aliambiwa kesi imefungwa. Newton alijaribu kubishana naye kwa Maandiko miaka mingi bila kumshinda. Huenda leo mtaalamu angeanzia mahali pengine, asibishane na hukumu, ila ashughulike kwanza na usingizi na hofu, hata kwa dawa, ndipo akili ipate nguvu ya kusikia.

Hata hivyo Cowper aligundua kitu kimoja ambacho wanasaikolojia wa leo wanakifundisha sana, nacho ni kazi ndogo za mikono. Mwaka 1774, akiwa bado hawezi kusoma wala kuzungumza na watu, alipewa sungura mdogo wa porini. Majirani waliposikia kwamba amempenda walimletea wengine, akabaki na watatu, Puss, Tiney na Bess, wote madume licha ya majina yao. Aliwajengea vibanda vya mbao kwa mikono yake. Ilimbidi aamke awalishe, asafishe, awatoe bustanini na kuwarudisha. Tiney alikuwa mkali mpaka mwisho, hakutaka kushikwa. Puss aliugua siku tatu, Cowper akamuuguza, na alipopona akamlamba mkono wote, mbele na nyuma na katikati ya vidole, kama anayeshukuru. Aliishi karibu miaka kumi na miwili. Cowper pia alijifunza useremala, akalima matango, akajenga nyumba ndogo ya vioo ya kukuzia mimea. Mtu aliyeshindwa kuinua macho kwa Mungu aliweza kuinama kumpa sungura majani, na siku ikapita.

Tunaomba radhi kwa kuingiza tangazo katikati ya masimulizi. Vestri itakuwa wazi baada ya ibada ya leo na kila Jumapili ya mwezi huu. Watakuwepo mama mchungaji na mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo. Atakayeingia hataulizwa mbele za watu, wala jina lake halitaandikwa popote. Na mtu anayesikia ndani yake sauti ya kumwambia afadhali afe asingoje ibada iishe. Amguse aliye karibu naye, hata sasa hivi katikati ya sherehe, amwambie.

Kutoka kwa mbao na matango Cowper alirudi kwenye kalamu. Newton alihamishwa kwenda London mwanzoni mwa 1780, na Mary alimhimiza mgonjwa wake aandike mashairi. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1782. Mwaka huo huo rafiki yao Lady Austen alimsimulia kisa cha mfanyabiashara aliyechukuliwa na farasi asiyesimama. Cowper alicheka usiku kucha kitandani, na kilipokucha alikuwa na shairi la John Gilpin, ambalo Uingereza nzima ililicheka. Aliliandika akiwa katika majonzi makubwa. Wanaodhani mwenye unyogovu hawezi kuchekesha watu wamtazame tena rafiki yao mcheshi.

Mwaka 1785 lilitoka shairi lake kubwa, The Task, lililomfanya awe mshairi aliyesomwa kuliko wote wa siku zake. Ndani yake alilaani utumwa. Mwaka 1788 walipinga-utumwa wakamwomba msaada, akatunga nyimbo za kuimbwa mitaani, mmoja ukimpa Mwafrika aliyeuzwa nafasi ya kusema mwenyewe, awaulize Waingereza ni kwa haki gani wanamnunua. Mwaka huo huo Newton alichapisha ushuhuda wake juu ya biashara ile aliyoifanya zamani. Wachungaji wa kundi la Newton ndio waliozaa CMS mwaka 1799, jamii iliyomleta Krapf Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha makao ya watumwa waliokombolewa, Frere Town, mwaka 1875. Kwa njia hiyo sisi wa Kenya tuna deni kidogo kwa nyumba ile ya Olney.

Alikuwa akiuogopa mwezi wa Januari kila mwaka, na Januari 1787, wiki chache baada ya mtoto wa Mary, rafiki yake mpenzi, kufa, aliugua tena nusu mwaka. Akapona, akamaliza kumtafsiri mshairi mmoja wa Kiyunani, kitabu kikatoka mwaka 1791. Ndipo Mary akapatwa na kiharusi, mara moja, kisha mara ya pili. Sasa aliyetunzwa akawa mtunzaji. Alimshika mkono akimtembeza bustanini, alimsomea, alimngojea asubuhi. Hakuweza kuvumilia muda mrefu, naye akaanguka. Mwaka 1795 kijana wa jamaa yake, Mchungaji John Johnson, aliwachukua wote wawili akawapeleka Norfolk, na Desemba 1796 Mary akafariki katika mji wa East Dereham. Cowper aliuona mwili wake mara moja, akalia kwa sauti, na tangu siku hiyo hakulitaja jina lake tena.

Johnson alimtunza miaka yote mitatu iliyosalia, akimsomea vitabu jioni hata alipokuwa hajibu. Shairi la mwisho kubwa la Cowper, la mwaka 1799, linahusu baharia aliyetupwa baharini na meli ikaenda bila yeye. Hatutalipamba. Alikufa akiwa bado anaamini kwamba hatakiwi.

Alifariki tarehe 25 Aprili 1800. Johnson aliyekuwa kando ya kitanda alisimulia kwamba tangu pumzi ya mwisho hadi jeneza lilipofungwa uso ule ulikuwa umetulia, na kama wenye mshangao mtakatifu. Alizikwa katika kanisa la Dereham.

Habari zikamfikia Newton kule London. Alikuwa mzee wa miaka 74, macho yakimzimika. Alipanda mimbarini kuhubiri juu ya rafiki yake, na andiko alilolichagua ni Kutoka 3, habari ya Musa kukiona kijiti kinachowaka moto wala hakiteketei.